Umeanza Kuongeza Nyumba Bila Kibali? Simamisha Kazi, Nenda Ofisini



Nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe hazijengwi mara moja. Mtu huanza na vyumba viwili na baraza. Akiuza korosho, anaongeza kimoja. Kijana akioa, kinajengwa chumba cha uani. Mwaka mwingine ukuta wa mbele unatobolewa, linawekwa dirisha la duka. Ndivyo tulivyozoea, na si vibaya mtu kuikuza nyumba yake kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Tabu inaanza pale fundi anapokuwa kazini, tofali zimepanda, na mwenye nyumba hana karatasi yoyote ya kumruhusu.

Wengi wanadhani kibali ni cha nyumba mpya tu, tena cha maghorofa ya matajiri. Si kweli. Leo tueleze jambo hili, hasa kwa yule ambaye ameshaanza na sasa hajui arudi nyuma au aende mbele.

KIBALI NI KITU GANI?

Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya maandishi. Inatolewa na halmashauri kabla kazi haijaanza. Nasema maandishi. Mwenyekiti wa mtaa akikwambia, "Endelea tu, bibi, hapa hakuna shida," hayo ni maneno mazuri ya jirani, lakini siyo kibali. Barua ya mtendaji wa mtaa nayo siyo kibali. Ni utambulisho tu kwamba unakaa pale na unajulikana.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Inamkataza mtu kuendeleza ardhi katika eneo la mipango miji bila kupata idhini. Neno "kuendeleza" katika sheria lina maana pana kuliko tunavyolitumia mtaani. Ni kujenga, ni kuongeza jengo, na pia ni kubadili matumizi ya jengo. Ukigeuza sebule kuwa baa, umeendeleza, hata kama hukuongeza tofali moja.

Je, ukarabati? Hapa tutenganishe matengenezo na mabadiliko. Kupaka rangi, kuziba ufa mdogo wa lipu, kuondoa bati lililooza na kuweka zima, kubadili komeo la mlango, hayo ni matengenezo. Kwa kawaida hakuna atakayekuuliza. Lakini ukibomoa ukuta unaobeba paa, ukaongeza chumba, ukajenga uzio, ukachimba shimo jipya la choo, au ukataka kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya chini, hayo ni mabadiliko. Kama kazi yako iko katikati na hujui uiweke upande gani, kaulize ofisini kabla hujanunua saruji. Kuuliza hakulipiwi.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kodi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Basi mtu anasema, "Serikali inanikata kodi kila mwezi, kwa hiyo nyumba yangu inatambuliwa." Kodi inatambua kwamba jengo lipo. Haisemi kwamba jengo hilo lilijengwa kwa ruhusa. Wala mita ya umeme haisemi hivyo, wala bomba la maji.

MAMA WA VYUMBA VIWILI

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Maili Moja amekopa shilingi milioni mbili kwenye VICOBA. Anataka vyumba viwili vya kupangisha, ubavuni mwa nyumba yake. Fundi amemwambia, "Mama, ukingoja kibali utachelewa. Tukishapaua, nani atakuja kukubomolea?" Msingi umekwisha. Kuta zimefika kwenye linta. Jumanne asubuhi anafungua mlango na kukuta rangi nyekundu ukutani: alama ya X, na chini yake SIMAMISHA UJENZI. Marejesho ya VICOBA ni kila wiki. Afanye nini?

Ushauri wa mtaani ni mwingi. Mmoja atamwambia apake chokaa juu ya ile X. Mwingine atasema ajenge usiku, au Jumamosi na Jumapili, maana maofisa hawapo kazini. Wa tatu atamtajia kijana fulani "anayejuana na watu wa ardhi". Yote hayo yanamwongezea hasara. Akiendelea kujenga, makosa yanakuwa mawili: kujenga bila kibali, na kukaidi amri halali. Na kila tofali analoongeza usiku huenda akalilipia mara mbili, mara ya kwanza kulijenga na mara ya pili kulibomoa.

Kwanza asimamishe kazi siku ileile. Fundi alipwe kwa kazi aliyokwisha kuifanya, aandikishiane naye, aende. Mifuko ya saruji iliyobaki iwekwe ndani juu ya mbao, isiguse sakafu. Saruji hailali muda mrefu hapa Pwani, hewa yetu ina unyevu. Akiona kibali kitachukua miezi, afadhali amuuzie jirani ingali unga. Na kwenye kikundi chake asijifiche. Awaeleze wenzake mapema kilichotokea na kuomba ratiba nyingine ya marejesho. Wenzake wataielewa X ya ukutani. Kutoonekana kwenye kikao hawataielewa.

Kama sehemu ya msingi bado iko wazi, asiifukie. Tutaona sababu yake mbele.

SOMA NOTISI MWENYEWE

Pili, asome. Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi yake. Notisi usimpe mtoto akusomee harakaharaka huku anakimbilia shule. Kaa chini, uisome taratibu. Imetoka ofisi gani? Jina lililoandikwa ni lako, au la yule aliyekuuzia kiwanja? Tarehe ni ipi? Inakutaka nini hasa: usimamishe, ufike ofisini, au ubomoe? Umepewa siku ngapi? Siku hizo zihesabu kwenye kalenda na siku ya mwisho uizungushie wino.

Kama hukuachiwa karatasi ila rangi tu, nenda ukaulize uandikiwe. Alama za X zinafanana, lakini wenye kuziandika ni wengi. Ipo ya halmashauri, ipo ya watu wa barabara, ipo ya watu wa reli. Ya halmashauri mara nyingi ina mazungumzo. Hizo nyingine nitazieleza baadaye, maana ndizo kali.

Mtu asikupe karatasi ya kutia sahihi au dole gumba papo hapo ukutani. Mwambie kwa adabu, "Nashukuru ndugu, niachie niisome." Kama ni karatasi halali, haitaharibika kwa kusomwa.

Tatu, aandike barua. Nimeona watu wenye cheti cha kisomo wanaogopa kumwandikia Mkurugenzi, wanadhani barua ya ofisini ina maneno ya kipekee. Haina. Iwe fupi na ya kweli. Mfano huu unaweza kuunakili na kujaza mahali palipo wazi:

S.L.P. ........
Maili Moja, Kibaha.
Tarehe ........

Mkurugenzi,
Halmashauri ya ........

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUONGEZA VYUMBA VIWILI, KIWANJA NA. ........ KITALU ........

Mimi ni mwenye kiwanja kilichotajwa hapo juu. Tarehe ........ nilianza kuongeza vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yangu bila kuwa na kibali. Tarehe ........ nilipata notisi yenu Kumb. Na. ........ Kazi nimeisimamisha siku hiyohiyo, kuta zikiwa zimefika kwenye linta.

Naomba wataalamu wenu waje kukagua, nami nielekezwe namna ya kukamilisha maombi ya kibali. Naambatanisha nakala ya hati ya kiwanja na picha za jengo lilivyo sasa.

Wako,
(sahihi, jina kamili, namba ya simu)

Mtu atauliza, "Nikiandika kwamba nilianza bila kibali, si nimejishtaki mwenyewe?" Ukuta ulikwisha kukushtaki. Barua inaonyesha kwamba ulitii siku ileile, na tarehe yake ni shahidi wako. Andika nakala mbili. Moja iache masijala. Nyingine wagongee muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

OFISI IPI?

Kibaha kuna halmashauri mbili, na watu wamekwisha kupoteza nauli kwa sababu hiyo. Maili Moja, Tumbi, Mkuza, Kongowe, Visiga na Misugusugu ni za halmashauri ya mjini. Mlandizi, Soga, Kwala na Magindu ni za Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo ofisi zake ziko Mlandizi. Wa Kisarawe wanakwenda Kisarawe mjini. Walio Kiluvya waangalie vizuri zaidi, maana ipo Kiluvya ya wilaya ya Kisarawe na ipo Kiluvya ya upande wa Ubungo, Dar es Salaam. Jina moja, halmashauri tofauti. Tazama hati yako au muulize mtendaji.

Ukifika, uliza idara inayoshughulika na ardhi na mipango miji. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa kompyuta wa TAMISEMI uitwao TAUSI. Asiye na kompyuta asiogope. Aombe kuelekezwa palepale ofisini, au asaidiwe na kijana wake mwenye simu kubwa. Ila namba ya siri aishike mwenyewe.

Karatasi zitakazotakiwa ni hizi. Uthibitisho kwamba kiwanja ni chako, yaani hati au barua ya toleo. Ramani ya kiwanja. Stakabadhi ya kodi ya ardhi. Kitambulisho. Na michoro ya jengo. Kwa mchoro wa nyongeza, mwambie mchoraji aonyeshe sehemu ya zamani na sehemu mpya kwa namna inayotofautiana, ofisa aone kwa jicho moja. Mchoro uwe wa nyumba yako ilivyo, siyo ule wa kununua dukani wenye nyumba nzuri isiyokuwepo. Ukaguzi ukija na mchoro ukikataa kufanana na ukuta, mnaanza upya.

Jina nalo liwe moja kwenye karatasi zote. Hati ikisema Mwanahawa Salumu na kitambulisho kikisema Mwanahawa Salum Mohamedi, shughulikia hilo kwanza. Kama hati ni ya marehemu, familia iende mahakamani ipate msimamizi wa mirathi, kisha msimamizi ndiye aombe. Hili linachukua muda, lakini halina njia ya mkato. Nyumba nyingi za urithi zinakwama hapo hata kabla mhandisi hajatokea.

WAKAGUZI WANATAFUTA NINI?

Watakuja kwako watu wa fani tofauti. Ofisa mipango miji anaangalia matumizi: kiwanja ni cha makazi, mbona mlango unafungukia barabarani kama gereji? Mpima anaangalia mipaka. Bwana Afya (siku hizi mara nyingi ni Bibi Afya) anaangalia madirisha, shimo la choo na umbali wake na kisima. Wazee waliosoma katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watakumbuka somo hilo. Vyumba viwili vya kupangisha ni watu sita au wanane zaidi. Shimo lile la zamani litawatosha?

Mhandisi ndiye mwenye kazi ngumu kwa aliyeanza bila kibali. Jengo la kibali hukaguliwa kwa hatua: msingi ukiwa wazi, nondo kabla ya kumwaga zege, kisha kuta na paa. La kwako limezipita hatua hizo gizani. Anawezaje kujua chini kuna nini? Anaweza kukutaka uchimbe pembeni mwa msingi auone, au ubandue zege mahali ahesabu nondo. Ndiyo sababu nikasema msingi usifukiwe. Kama ulipiga picha kwa simu wakati wa kazi, au una stakabadhi za nondo na saruji, zipeleke. Zinasaidia. Na kwa wale ambao bado hawajafikiwa na rangi nyekundu, pigeni picha leo.

Msomaji atasema, "Yangu ni vyumba viwili vya bati, mhandisi wa nini?" Tazama yaliyotokea kwa jirani zetu wa Dar es Salaam. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Tena tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo. Waliokufa walizidi 20. Lile halikuwa jengo jipya. Lilikuwa limesimama miaka mingi watu wakifanya biashara ndani, na walioshuhudia walieleza kwamba chini yake kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kupanua maduka.

Nyumba ya chini haina uzito wa ghorofa, lakini kanuni ya kubeba ni ileile. Ukichimba msingi mpya umeungana na wa zamani, tena chini zaidi kuliko ule wa zamani, udongo unaoshikilia ukuta wa zamani unalegea. Kichanga cha Kibaha kinamomonyoka upesi mvua za masika zikija. Ukitoboa ukuta kuweka dirisha kubwa la duka bila linta ya kutosha, uzito wa kozi zote za juu unatafuta pa kupita. Utaona ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kimshazari. Na aliyejenga kwa tofali za inchi tano, msingi mfupi, bila nguzo za zege, asidanganywe na fundi yeyote kwamba inaweza kubeba ghorofa. Huyo ndiye ningependa akataliwe kibali, hata akilia.

MAJIBU NA FEDHA

Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu. Unaweza kupewa kibali jengo lilivyo. Unaweza kupewa kwa masharti, mathalani usogeze ukuta uliobana mpaka wa jirani, au upanue madirisha. Au unaweza kukataliwa na kutakiwa kubomoa sehemu uliyoongeza. Masharti ndiyo majibu ambayo watu huyakasirikia bila sababu. Kubomoa ukuta mmoja wa kozi tisa ni hasara ya mifuko michache. Kubomoa vyumba viwili vilivyopauliwa ni hasara ya mkopo mzima.

Ada ya kibali hupangwa na kila halmashauri kwa sheria ndogo zake, na mara nyingi inategemea ukubwa wa jengo. Aliyeanza bila kibali anaweza kutozwa faini juu ya ada, na anaweza pia kupelekwa mahakamani. Usikubali kutajiwa faini mdomoni. Omba uonyeshwe imeandikwa wapi. Malipo yote yafanywe kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwenye simu, nawe ubaki na stakabadhi. Mtu akikuomba "ya chai" ili afute X, kumbuka kwamba X ikifutwa kwa chai inaweza kurudi kesho na ofisa mwingine, nawe huna karatasi ya kumwonyesha. TAKUKURU wanapigiwa simu namba 113 bila malipo.

Kuna swali la haki: kwa nini wengi wanajenga bila kibali? Wengine ni ukaidi. Lakini wengine ni mwendo mrefu, michoro ya bei, na "njoo kesho" nyingi. Hilo lisemwe kwenye mikutano ya mtaa na kwa madiwani, kwa sababu sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani, nao wanatoka kwenye kata zetu.

NYUMBA ILIYO MAHALI PASIPO PAKE

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote. Kibali kilichochelewa kinaweza kuokoa nyumba iliyojengwa mahali pake. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara hakiiokoi, hata michoro iwe mizuri namna gani.

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya. Hifadhi ya barabara kwenye sehemu ile ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Huo ni zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Mtu aliyesimama mlangoni kwake hakuweza kudhani kwamba barabara inamfikia. Walikuwemo wenye umeme na maji, na walioishi pale miaka mingi.

Kwa barabara kuu nyingine, Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Wale walioguswa na nyongeza ile ya mita 7.5 waliwekewa alama ya kijani, maana yake sheria ndiyo iliyowafuata na wana haki ya fidia. Alama nyekundu ilikuwa kwa walioifuata barabara. Kwa hiyo ukiona X, tazama na rangi yake, na uulize ofisi ya TANROADS ya mkoa.

Kabla ya kuomba kibali cha nyongeza, basi, pima. Chukua futi kamba na mwenzako, anzeni katikati ya barabara. Uliza pia kuhusu njia ya umeme mkubwa, bomba kuu la maji litokalo Ruvu Juu, na reli. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ikipita Soga na Ruvu, na TAZARA inapita Kisarawe. Zote zina eneo lake. Upande wa Kisarawe kuna pia misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyohifadhiwa tangu enzi za ukoloni. Aliyeuziwa kiwanja ndani ya msitu hakuuziwa kitu. Amdai aliyemuuzia, na asizidishe fedha nyingine kwa kuongeza chumba.

ASIYEPIMIWA, NA ALIYE KIJIJINI

Wako walio mahali halali lakini ardhi haijapimwa. Hawana hati, na bila uthibitisho wa miliki maombi ya kibali yanakwama mezani. Njia yao ni urasimishaji. Wakazi wanakubaliana katika mkutano wa mtaa, wanachagua kamati, mchoro wa mipango unatayarishwa, mipaka inapimwa, ndipo kila mtu anaomba hati yake. Katika urasimishaji kila mmoja hutoa kipande kidogo kwa ajili ya njia. Hapo ndipo ugomvi unapotokea, kwa sababu chumba cha nyongeza mara nyingi kimejengwa juu ya njia. Jirani mmoja akisogea hatua mbili, na wa pili akasogea mbili, jeneza linapitishwa juu ya ukuta, na mgonjwa anabebwa kwenye kiti mpaka barabarani. Ukiwa kwenye eneo la namna hiyo, ongeza chumba kuelekea uani kwako, siyo kuelekea njiani.

Vijijini kama Maneromango, Marui au Vikumburu mambo ni tofauti. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Mzee anayebadili makuti kuwa bati kwenye nyumba yake hana sababu ya kutetemeka. Lakini mji wa Dar es Salaam unasogea. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, nyumba ya zamani haigeuki kuwa kosa kwa sababu hiyo, ila chumba kipya utakachoongeza baada ya hapo kinahitaji kibali. Muulize mtendaji wa kijiji swali moja tu: "Eneo letu limetangazwa kuwa la mipango miji, au bado?" Kama hajui, amuulize ofisa ardhi wa wilaya.

BAADA YA KUPATA

Mama wetu wa Maili Moja akipewa kibali, asome masharti yote kabla ya kumwita fundi. Kibali kina muda wake, umeandikwa humo. Nakala moja ikae kazini, fundi aweze kumwonyesha mkaguzi. Kila hatua ikifika, amwite mkaguzi aje aone, aandike tarehe na kutia sahihi. Akitaka kubadili jambo, kama kuongeza chumba cha tatu kwa kuwa tofali zimebaki, arudi ofisini kwanza.

Karatasi halisi azitie kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkebe wenye kifuniko, mbali na sakafu. Mchwa wa huku wanakula hati bila kujua kusoma. Picha zake azihifadhi kwenye simu, na nakala nyingine amwachie ndugu anayekaa nyumba nyingine.